Burse ya Mtaa: Tumsindikize Mtoto wa Jirani Hadi Chuo Kikuu



Kila mwaka matokeo ya Examen d'Etat yanapotangazwa, Lubumbashi hujaa vigelegele. Vijana waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani, wanaimba barabarani, na mama zao wanacheza mbele ya nyumba. Hata aliyepata 50% tu, yaani alama ya chini kabisa ya kufaulu, anasherehekea kama aliyepata 80%. Na ana haki, kwa sababu amemaliza safari ndefu.

Lakini wiki chache baadaye poda imeoshwa, na swali linaingia nyumbani: sasa kijana huyu anakwenda wapi? Katika familia nyingi jibu ni kimya. Katika familia zilizokimbia vita, kimya hicho ni kizito zaidi, maana fedha zilizokuwepo ziliishia njiani, na mjomba aliyewapokea ana watoto wake wa kusomesha.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza jambo moja ambalo mtaa unaweza kulifanya wenyewe: kuanzisha burse, yaani msaada wa kulipia masomo ya juu, kwa wanafunzi wanaomaliza humanités hapo hapo mtaani. Tutaonyesha jinsi ya kuhesabu, jinsi ya kuchagua, na jinsi ya kulinda fedha. Zaidi ya hayo tutaeleza kwa nini burse iliyopangwa vizuri inapatanisha wenyeji na waliohamishwa, na kwa nini iliyopangwa vibaya inaweza kuwagombanisha kuliko walivyokuwa mwanzo.

Kwa nini tuanze na mwaka wa mwisho?

Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama Katiba ya 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43. Sekondari na chuo bado ni mzigo wa mzazi. Zamani hapa Katanga familia nyingi zilitegemea kampuni. Gécamines ilikuwa na shule na hospitali kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Kampuni ilipoporomoka, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa mwaka 2003, nguzo hiyo ilianguka. Wajukuu wa wafanyakazi hao ndio leo wanakaa nyumbani na diplome mkononi.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho yuko kwenye daraja. Ameshabebwa miaka kumi na zaidi, na kinachobaki ni kumvusha. Akikaa nyumbani mwaka mmoja, mara nyingi mwaka huo unakuwa miwili. Msichana anaolewa mapema, mvulana anaingia kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, au anamfuata mtu anayemwahidi bunduki na chakula. Kwa hiyo franga inayotolewa wakati huu inafanya kazi kubwa kuliko ikitolewa baadaye.

Tena Lubumbashi ina bahati ambayo vijiji vingi havina: vyuo viko hapa hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kilianzishwa mwaka 1955 na kikachukua jina lake la sasa mwaka 1981. Kuna ISP kwa wanaotaka kuwa walimu, ISTM kwa wauguzi na wataalamu wa maabara, na vyuo vingine vya serikali na vya makanisa. Kuna pia INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa wanaotaka kujifunza ufundi kwa muda mfupi. Mwanafunzi anaweza kulala kwao na kwenda darasani kwa taxi-bus. Gharama ya chumba na chakula, ambayo humaliza burse nyingi, inapungua sana.

Mji uliokusanya watu

Kabla ya kuzungumza juu ya fedha, tuzungumze juu ya neno "sisi". Burse ni ya nani? Mtaa ukisema "ni ya watoto wetu", watoto wetu ni akina nani?

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu mwanzo ulijengwa na watu waliotoka mbali: Kasai, Luapula, Maniema, Tanganyika, Rwanda, Burundi na kwingineko. Watu hao walipofika bila ndugu, waliunda vyama vya watu wa asili moja. Vyama hivyo vilizika wafu, vilipokea wasafiri, vilitunza wajane. Kazi hiyo ni njema, na inaendelea mpaka leo.

Lakini historia inatufundisha pia upande wa pili. Mwaka 1958 baadhi ya vyama vya kikabila vya Katanga viliungana na kuunda chama cha kisiasa cha Conakat, na swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likawa swali la siasa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa ndani ya mji huu huu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, mamia ya maelfu, walifukuzwa Katanga, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Miaka ya karibuni mji umepokea familia zilizokimbia mapigano ya Mitwaba na Pweto, yale ya Tanganyika, vurugu za Kasai za 2016 na 2017, na vita vya Kivu, hasa baada ya Goma kutekwa Januari 2025.

Kwa hiyo katika mitaa yetu mtu anayeitwa mwenyeji leo huenda baba yake au bibi yake aliitwa mkimbizi jana. Hatusemi hivi ili kufungua vidonda. Tunasema kwa sababu kipimo cha asili kimeshajaribiwa katika mji huu, na tunajua kilikotufikisha. Burse ya mtaa inahitaji kipimo kingine, nacho ni rahisi: anayeishi hapa. Yule anayechota maji kwenye bomba letu, anayesoma na watoto wetu, anayekuja kwenye kilio chetu, huyo ni wa mtaa.

Wengine walifanyaje?

Mwaka 1958 katika mji wa Fall River, Marekani, mpimaji wa macho aitwaye Irving Fradkin aliona vijana wengi wanamaliza sekondari bila kwenda chuo. Fall River ulikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vinafungwa mmoja baada ya mwingine, hali ambayo watu wa Likasi na Lubumbashi wanaielewa vizuri. Fradkin hakumtafuta tajiri mmoja. Aliomba kila mtu wa mji atoe dola moja. Wazo hilo lilienea katika miji mingine mingi, na shirika lililozaliwa hapo bado linafanya kazi. Nguvu yake ilitoka kwa wingi wa watoaji: mtu aliyetoa dola yake aliuliza habari za wanafunzi kana kwamba ni watoto wake.

Karibu na sisi, mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipanga ndege ya kwanza iliyopeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Marafiki wa kule walisaidia kulipia safari, lakini familia na majirani vijijini walichanga pia, kila mtu na alichonacho. Mwaka uliofuata aliondoka msichana mmoja aliyekuja kujulikana duniani kote, Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Kwa wakimbizi waliovuka mpaka kuna burse ya DAFI, ambayo serikali ya Ujerumani na UNHCR waliianzisha mwaka 1992. Hata hivyo nafasi ni chache. Mwaka 2019 ni wakimbizi 3 tu katika kila 100 wa umri huo waliokuwa katika masomo ya juu duniani, na UNHCR imeweka lengo la kufikia 15 katika 100 ifikapo 2030. Tena burse ya namna hiyo inawalenga wakimbizi wa nchi nyingine. Aliyekimbia kutoka Kalemie au Goma hadi Lubumbashi hakuvuka mpaka, na mara nyingi hahesabiwi humo. Burse kubwa za kitaifa nazo huwatafuta washindi wenye alama za juu kabisa. Kijana mwenye 57% aliyesoma huku akiuza mikate jioni hana wa kumtazama. Pengo hilo ndilo mtaa unaweza kuliziba.

Hesabu kwanza, ahadi baadaye

Kosa linaloua burse nyingi ni kuahidi mwaka wa kwanza bila kufikiria mwaka wa pili. Mwanafunzi anayefukuzwa katikati anaumia kuliko yule aliyekaa nyumbani. Ameacha biashara yake ndogo, ameaibika, na mtaa umegawanyika kwa lawama.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vilianza kuingia katika mfumo wa LMD, ambamo Licence ni miaka 3 na Master ni miaka 2 zaidi. Utabibu ni mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo ahadi ndogo kabisa ya burse ya chuo kikuu ni miaka 3. Kabla ya kumtangaza mtu, kamati iende chuoni kusoma tangazo la ada la mwaka huo, kwa maana ada hubadilika na kila kitivo kina zake. Iongeze fedha za uandikishaji, fotokopi, silabasi, kazi za vitendo na taxi-bus.

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Tuseme kamati imekuta kwamba mwanafunzi mmoja anayelala kwao anahitaji dola 450 kwa mwaka. Avenyu moja ina nyumba 40 zilizokubali kutoa dola moja kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 480. Fedha hizo zinambeba mwanafunzi mmoja peke yake kwa miaka mitatu. Wakichukua wa pili mwaka unaofuata, wote wawili wataanguka.

Sasa tuseme avenyu tatu zimeungana na kupata nyumba 120. Kwa mwaka ni dola 1,440. Wanaweza kuchukua mwanafunzi mmoja kila mwaka. Kufikia mwaka wa tatu watakuwa na wanafunzi watatu kwa pamoja, gharama yake dola 1,350, na dola 90 zinabaki kama akiba ya ugonjwa au ada iliyopanda. Kuanzia hapo kila mwaka mmoja anahitimu na mmoja anaingia. Mnaona kwamba kuungana kwa avenyu tatu kunaleta utulivu ambao avenyu moja haiwezi kuupata.

Wengi wetu tunaijua likelemba, ambapo kila mtu anaweka na kila mtu anapokea kwa zamu. Burse inaazima nidhamu ya likelemba, lakini tusichanganye vitu hivi viwili. Katika likelemba, aliyetoa ndiye anayepokea. Katika burse, fedha zinakwenda kwa anayehitaji, hata kama mzazi wake hakuweza kutoa. Mkisema kwamba mtoto wa asiyechanga hawezi kuomba, mmewafungia mlango wale wale mliotaka kuwasaidia. Familia isiyo na dola inaweza kutoa franga kidogo au siku ya kazi: kufagia uwanja wa mkutano, kupika siku ya sherehe, kushona, kutangaza habari. Mchango huo uandikwe daftarini kama wa wengine, ili mtu asitazamwe kama ombaomba.

Nani achaguliwe?

Hapa ndipo amani inapojaribiwa. Fikirini akina mama wawili walioketi kwenye benchi moja: mmoja ameishi mtaani miaka thelathini, mwingine amefika juzi na vitu vyake katika kitenge. Wote wana mtoto aliyefaulu. Nafasi ni moja. Mkiamua siku hiyo, bila sheria iliyoandikwa, yeyote atakayekosa atasema ameonewa, na kabila lake litasema hivyo pamoja naye. Kwa hiyo sheria ziandikwe na kusomwa hadharani kabla ya matokeo ya mtihani, wakati ambapo hakuna anayejua mtoto wa nani atafaidika.

Watu wengine wanapendekeza kutenga nafasi maalum kwa waliohamishwa. Wana sababu nzuri, maana watoto hao wamepoteza miezi ya shule. Lakini tumesikia pia wenyeji maskini wakiuliza: "Na sisi tusiokimbia, njaa yetu haina jina?" Swali hilo si la chuki, ni la haki. Tunapendekeza njia inayopima hali ya mtu bila kumpa jina.

Gawanyeni alama 100 hivi: matokeo ya mtihani 40, hali ya nyumbani 40, juhudi na mwenendo 20. Katika hali ya nyumbani angalieni mambo yanayoonekana: je, mzazi anayefanya kazi yupo? Ni watoto wangapi hawasomi? Je, kijana analea wadogo zake? Je, masomo yake yalikatizwa na vita, ugonjwa au kufukuzwa kwa ajili ya ada?

Tuone mfano. Kijana wa kwanza ni mwenyeji, ana 68%, baba ana kazi. Anapata 27 kwa matokeo, 15 kwa hali, 16 kwa juhudi, jumla 58. Wa pili amekimbia vita, ana 57%, shule ilikatizwa mwaka mzima. Anapata 23, 33 na 14, jumla 70. Wa tatu ni mwenyeji pia, mtoto wa mjane mwenye watoto sita, ana 61%. Anapata 24, 36 na 15, jumla 75. Aliyeshinda ni mtoto wa mjane. Angalieni kwamba hakuna mahali palipoandikwa "mkimbizi" wala "mwenyeji", na bado mahitaji ya wote wawili yamehesabiwa.

Mambo mengine matatu yaandikwe. Kwanza, mwombaji awe ameishi mtaani angalau mwaka mmoja wa shule, na ushahidi uwe wa mwenye nyumba na majirani wawili, bila kuuliza asili. Pili, kukiwa na nafasi mbili, moja iwe ya msichana, maana wasichana ndio wanaotolewa shuleni kwanza fedha zikipungua. Tatu, majina yafunikwe wakati wa kutoa alama: kila faili iwe na namba, na namba zifunguliwe baada ya kujumlisha.

Karatasi zilizobaki njiani

Familia nyingi zilikimbia bila bulletins, bila cheti cha kuzaliwa. Kamati ikidai karatasi zote siku ya kwanza, imeshawachagua wenyeji bila kusema. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu waliohamishwa ndani ya nchi zinasema wazi: kanuni ya 20 inataka wapewe hati mpya badala ya zilizopotea, bila masharti yasiyo na maana kama kuwarudisha walikotoka, na kanuni ya 23 inahusu haki yao ya elimu.

Tunashauri hivi. Mpokeeni mwombaji kwa ushahidi wa majirani na walimu, kisha msaidieni kutafuta karatasi kabla chuo hakijafunga uandikishaji. Hifadhini namba yake ya mtihani wa taifa, jina la shule, chaguo na mwaka. Kwa habari hizo ofisi za elimu na ukaguzi zinaweza kufuatilia matokeo yake. Diplome yenyewe huchelewa mara nyingi, hivyo ulizeni chuoni ni hati gani ya muda inapokelewa. Mwanakamati mmoja aliyezoea ofisi amsindikize kijana. Kijana aliyekimbia, akiingia ofisini peke yake, anaweza kurudishwa mara tano. Akiingia na mtu mzima wa mtaa, anasikilizwa.

Kamati na fedha

Kamati iwe na watu 5 au 7. Wawepo wanawake, mwalimu mmoja, kijana mmoja, na mtu aliyehamishwa ambaye ana haki sawa ya kupiga kura, asiwe pambo. Shefu wa mtaa awe mlezi, lakini asishike fedha. Mwenye mtoto au ndugu anayeomba atoke nje wakati wa kuchagua, na jambo hilo liandikwe katika ripoti.

Fedha zisiwekwe nyumbani kwa mtu. Kikundi kikitaka kuwa na akaunti ya benki kwa jina lake, kinaweza kujiandikisha kama shirika lisilotafuta faida chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kabla ya hapo, tumieni daftari mbili zinazoshikwa na watu wawili tofauti, na sahihi tatu kwa kila fedha inayotoka. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na bordero ya benki ibandikwe kwenye daftari. Fedha za usafiri ndizo pekee anazopewa mwanafunzi mkononi, kila mwezi, kwa sahihi.

Kila miezi mitatu hesabu isomwe hadharani: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, alama za mwanafunzi. Isomwe katika lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa. Fedha zilizosomwa mbele ya watu ni vigumu kupotea, na uvumi unakosa chakula.

Tunasisitiza pia jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Hakuna mwanakamati anayepaswa kukutana na msichana mwombaji peke yake, nyumbani wala hotelini. Mazungumzo yote yafanyike mbele ya watu wawili au zaidi, na mwanamke awepo. Anayedai mapenzi au "shukrani" ili atoe nafasi aondolewe katika kamati na ashitakiwe. Msichana ajue kabla ya kuomba ni mama gani anaweza kumwambia.

Wanasiasa nao watakuja, hasa uchaguzi ukikaribia. Zawadi inaweza kupokelewa kama itaingia katika mfuko wa wote, bila jina wala fulana, na bila mtoaji kuchagua mwanafunzi. Akikataa masharti hayo, mshukuruni kwa heshima, aende na zawadi yake.

Waliokosa tusiwaache

Mkiwa na nafasi moja na waombaji kumi, mmempendeza mmoja na kuwahuzunisha tisa. Hao tisa ndio mtihani wa amani. Kila mmoja aelezwe alama zake kwa upole na faragha, na aonyeshwe njia nyingine: INPP, chuo chenye ada ndogo, au kuomba tena mwaka ujao. Awepo mtu nje ya kamati, kwa mfano mchungaji, imamu au mwalimu mstaafu, anayepokea malalamiko kwa siku saba kabla uamuzi haujawa wa mwisho.

Anayepata burse naye anadaiwa na mtaa. Hatulipi kwa fedha. Anatoa saa chache kila Jumamosi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakiwemo wale waliokosa pamoja naye. Hapo mtoto wa mwenyeji anafundishwa hesabu na mtoto wa aliyekimbia, au kinyume chake, na wazazi wanaona kwa macho yao kwamba dola yao imerudi mtaani.

Milango mingine ya kubisha

Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatoa njia mbili kwa mitaa iliyo karibu na migodi, kama ile ya Ruashi. Kampuni inatakiwa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Pia 15% ya redevance ya migodi inatakiwa kwenda kwa mamlaka za mitaa, kama komini, ambako uchimbaji unafanyika. Mtaa wenyewe haupokei fedha hizi moja kwa moja. Lakini kamati yenye daftari safi, majina ya wanafunzi na risiti za miaka miwili inaweza kupeleka ombi kwenye komini na kwa wawakilishi wa jamii, ikiomba masomo ya juu yaingizwe katika mpango. Anayebisha na daftari mkononi hasikilizwi sawa na anayebisha na malalamiko tu.

Hata hivyo msisubiri mlango huo ufunguke ndipo muanze. Burse iliyoanza na dola za majirani inaweza kupokea fedha za kampuni na isiyumbe. Iliyoanza na fedha za kampuni, kampuni ikiondoka, nayo inaondoka.

Ndugu zetu mliohamishwa, msione aibu kuketi katika kamati hizi na kusema. Ninyi si wageni wa kungojea kugawiwa. Nanyi mliowapokea, mmeshagawana nyumba, chungu na choo na watu msiowajua. Kugawana nafasi moja ya chuo kwa haki si jambo kubwa kuliko hayo mliyokwisha kuyafanya.

Maswali ya kujadili mtaani

1. Katika avenyu yetu kuna wanafunzi wangapi wa mwaka wa mwisho, na tunawajua majina yao wote, wakiwemo waliohamishwa?

2. Ni nyumba ngapi zinaweza kutoa mchango kila mwezi kwa miaka mitatu, hata kama ni mdogo?

3. Ni nani tunayemwamini sote kusoma hesabu, na ni nani tunayemwamini kupokea malalamiko?

4. Kama mtoto wangu angekosa nafasi, ni sheria gani ingenifanya nikubali uamuzi na kuendelea kumsalimia jirani yangu?

Swali la nne lijibiwe kwanza.